Uso Umejaa, Lakini Mtoto Hanenepi

UKURASA WA AFYA YA JAMAA



Mwezi huu tuanze na kitu kidogo: kola ya shati.

Fikiri kijana wa miaka 15, mtoto wa mfanyakazi wa mgodi, katika mji wowote kati ya Kolwezi na Lubumbashi. Masomo yalipoanza, shati lake jeupe lilifungika vizuri mpaka shingoni. Wiki tatu zimepita, na sasa kifungo cha juu kinamkaba. Asubuhi akiamka, uso umejaa, macho yamekuwa madogo. Jirani anapita mbele ya nyumba na kusema: "Mama, mutoto yako eko ananenepa! Munamupatia nini?" Mama anacheka, anashukuru. Kweli sahani ya bukari inarudi nusu, lakini uso si umejaa?

Usiku mambo ni mengine. Kijana hawezi kulala chali. Anajiegemeza ukutani, na mito miwili nyuma ya mgongo. Akilala sawasawa pumzi inakosekana, na kikohozi kinaanza. Akiinama kufunga kamba za viatu, kichwa kinajaa kama kinataka kupasuka. Na juu ya kifua, chini ya ngozi, mishipa imeanza kuonekana kama mizizi ya mti. Mbele haikuwako.

Ndugu msomaji, mtoto huyu hanenepi. Damu inayotoka kichwani inakosa njia ya kurudi kwenye moyo. Ndani ya kifua kuko kitu kinachofinya mshipa mkubwa, na kinafinya bomba la pumzi pia.

Kuko magonjwa mengi yanayoweza kufanya vile. Leo tuzungumze juu ya moja: limfoma, ni kusema kanseri ya chembe za ulinzi, ile inayoanza katika tezi ya timusi na sehemu ya katikati ya kifua. Si ugonjwa wa kila nyumba. Unapatikana mara chache. Lakini unapenda kushika vijana, mara nyingi unakwenda mbio, na ukijulikana mapema unaweza kupona. Njo sababu tunauandika.

TIMUSI NI NINI?

Yule aliyechinja mbuzi mdogo ameiona bila kujua jina lake: nyama laini, nyeupe-nyeupe, inayokaa mbele, juu ya moyo na kupanda shingoni. Ukichinja mbuzi mzee, unaitafuta na huioni vizuri tena, imekuwa mafuta. Kwa mtu ni vilevile. Timusi iko nyuma ya mfupa wa kifua, mbele ya mishipa mikubwa ya damu. Kwa mtoto mchanga ni kubwa sana kulingana na mwili wake. Inaendelea mpaka ujana, halafu inapungua polepole.

Zamani waganga wengi walifikiri kwamba tezi hii haina kazi kubwa. Mwaka 1961, katika London, Jacques Miller alionyesha kwamba panya wachanga waliotolewa timusi wanashindwa kujilinda na magonjwa. Tangu hapo tunajua kwamba timusi ni kama masomo ya askari. Chembe changa zinatoka katika uboho wa mifupa, zinaingia timusi, zinafundishwa kutambua adui na kutopiga wenyeji wa mwili. Masomo hayo ni makali: kati ya chembe 100 zinazoingia, hata 5 hazimalizi. Zinazomaliza zinaitwa chembe T, na ile T ni ya timusi.

Sasa fikiri askari mmoja anayeharibika kichwa. Hasikilizi mkubwa wake, hataki kumaliza masomo, hataki kufa. Anajizidisha: mmoja anakuwa wawili, wawili wanakuwa wanne. Baada ya muda nyumba imejaa, kuta zinafinya majirani. Na majirani wa timusi ni nani? Ni moyo, mapafu, bomba la pumzi, na mshipa mkubwa unaoteremsha damu ya kichwa na mikono. Njo maana uso unajaa.

AINA TATU

Waganga wanatofautisha hasa aina tatu zinazopenda sehemu hii ya kifua.

Ya kwanza inatoka katika chembe T changa. Inashika zaidi watoto wakubwa na vijana, na wavulana kupita wasichana. Ni ya mbio sana. Leo mtoto anacheza mpira, baada ya wiki chache hawezi kupanda kilima kidogo. Mara nyingine maji yanajaa kuzunguka mapafu.

Ya pili inatoka katika chembe B zinazokaa ndani ya timusi. Hiyo inapenda hasa wanawake wa miaka 20 mpaka 40. Ni mama kijana mwenye mtoto mgongoni. Anachoka, anakohoa, sauti inakwaruza, na watu wanasema ni kazi nyingi.

Ya tatu ni ugonjwa wa Hodgkin. Jina hilo ni la munganga Mwingereza Thomas Hodgkin, aliyeuandika mwaka 1832. Kwa vijana unapenda kushika tezi za katikati ya kifua na za shingo. Kwa kawaida unakwenda polepole kuliko ya kwanza.

Zote tatu zinaweza kuleta homa isiyo na sababu, jasho la usiku linalolowesha shuka, na kukonda mwili.

"SI NI TUBERKULOSI?"

Hapa tuseme wazi, kwa sababu ni hapa siku nyingi zinapotea.

Homa, jasho la usiku, kukonda, kikohozi: kila mtu wa miji yetu akisikia maneno hayo anasema tuberkulosi. Na mara nyingi ana haki. Tuberkulosi iko nyingi kwetu. Mavumbi ya mawe yanaharibu mapafu ya wachimbaji na kuwafungulia mlango wa tuberkulosi. Hilo linajulikana tangu zamani. Basi hatusemi muache kufikiri tuberkulosi. Tunasema: muombe ipimwe.

Makohozi yapimwe. Radio ya kifua ipigwe, na munganga aitazame mwenyewe. Kama tuberkulosi haionekani katika vipimo, na munganga anaanzisha dawa kwa kukisia tu, muulize siku gani atamwona tena mgonjwa, na nini atafanya kama hakuna nafuu. Lakini mgonjwa anayekunywa dawa za tuberkulosi asiziache kwa kichwa chake. Arudi, aseme: "Munganga, ninakunywa dawa vizuri, lakini uso unazidi kujaa na pumzi inazidi kupungua." Neno hilo moja linaweza kugeuza mambo yote.

Neno kwa wazazi wa watoto wachanga pia. Kwenye radio ya mtoto mdogo, timusi inaonekana kama kivuli kikubwa juu ya moyo. Mara nyingi hiyo ni timusi yenye afya tu. Musiogope kila kivuli. Muache munganga aseme.

Na vumbi la mgodi, njo linaleta limfoma hii? Baba wengi watajiuliza, na wengine watajihukumu. Kwa wagonjwa wengi wa limfoma ya timusi waganga hawaoni sababu yoyote. Haikutoka katika nguo za kazi za baba, haikutoka katika chakula cha mama. Haiambukizi: mnaweza kula sahani moja, mnaweza kulala chumba kimoja.

VIDONGE VYA KUNENEPA

Vijana, na zaidi ninyi wasichana, sikieni vizuri. Katika masoko yetu kunauzwa vidonge vya kunenepa, vingine bila karatasi, bila jina. Ndani ya vingine kuko dexamethasone. Dawa hiyo ni ya kweli, waganga wanaitumia, lakini si ya kuchezea.

Ikiingia katika mwili wenye limfoma, uvimbe unaweza kuyeyuka kwa siku chache. Mgonjwa anapumua, jamaa inafurahi: "Amepona!" Lakini ugonjwa haukuisha, umejificha tu. Munganga akikata kipande ili akitazame kwa mikroskopi, anakuta chembe zilizokufa na hawezi kusema jina la ugonjwa. Halafu uvimbe unarudi, na unaweza kurudi na nguvu. Zaidi ya hayo, vidonge hivyo vyenyewe vinajaza uso. Basi nani atajua uso umejaa kwa sababu gani?

Kwa hiyo, kama umekunywa vidonge hivyo, mwambie munganga, hata kama unaona haya mbele ya mama yako. Omba useme naye peke yenu. Lakini kama umevinywa siku nyingi, usivikate ghafula bila shauri lake. Mwili unaweza kuanguka.

DALILI ZA KUKIMBIA

Kata orodha hii, uibandike nyuma ya mlango:

– uso, shingo au mikono inavimba, zaidi asubuhi;
– mishipa ya shingo na ya kifua inasimama;
– pumzi inakosekana mtu akilala chali;
– kikohozi hakiishi, au sauti imebadilika bila mafua;
– kichwa kinajaa na kuuma mtu akiinama;
– tezi za shingo, au juu ya mfupa wa bega, zimevimba na haziumi.

Uso kuvimba pamoja na pumzi kukosekana si jambo la kungojea siku ya mshahara. Ni la leo.

Na njiani? Musimlaze mgonjwa kwa nguvu. Wengi wanafikiri mgonjwa lazima alale. Huyu hapana. Akilala chali, uvimbe unakandamiza bomba la pumzi kwa uzito wake. Mkalishe, ainame mbele kidogo kama anapenda, mumshike pande mbili. Na mukifika, mama aseme kwa sauti: "Mtoto huyu hawezi kulala chali." Waganga wanahitaji kulisikia, kwa sababu kumlaza usingizi mgonjwa wa namna hii kwa ajili ya kumpasua ni hatari kubwa. Kama inawezekana watatafuta njia nyepesi: watatoa maji ya kifuani kwa sindano, au watakata kipande cha tezi ya shingo, mgonjwa akiwa ameketi, sehemu ile tu ikiwa imetiwa ganzi.

Kipande hicho ni lazima. Radio inaonyesha kwamba kuko kitu. Kipande njo kinasema jina lake. Na bila jina, hakuna dawa ya haki.

DAWA IKO

Wengi wakisikia kanseri wanaanza kulia matanga. Ngojeni kidogo.

Limfoma si sawa na kanseri nyingine nyingi. Mara nyingi inayeyuka ikipata dawa zake, na jambo hilo lilionekana mapema hapa Afrika. Mwaka 1957, katika hospitali ya Mulago, Kampala, munganga mpasuaji Denis Burkitt aliona mtoto mwenye taya zilizovimba pande zote mbili. Ilikuwa limfoma ya namna nyingine, ile ya taya na tumbo, ambayo leo ina jina lake. Katika miaka ya 1960 watoto walipewa dawa, na uvimbe wa wengine uliyeyuka kwa siku chache. Wengine wao walipona kabisa. Kabla ya hapo, kisu hakikuweza kuwaokoa.

Kwa limfoma za kifua leo, hasa ni dawa za mishipani. Ile ya chembe T inatunzwa karibu miaka 2, na dawa nyingine zinatiwa katika maji ya uti wa mgongo, kwa sababu ugonjwa unapenda kukimbilia huko. Katika inchi zenye dawa zote, watoto kama 8 kati ya 10 wanapona. Ile ya chembe B inatunzwa mara nyingi kwa mizunguko 6, kila mmoja wiki 3. Mwaka 2013 waganga wa Marekani waliandika habari za wagonjwa 51 waliopewa dawa zile kwa mpango wa uangalifu. Baada ya miaka kama 5, zaidi ya 9 kati ya 10 walikuwa hai. Ugonjwa wa Hodgkin nao unapona kwa wengi.

Hatutaki kuwadanganya. Hesabu hizo ni za inchi ambako dawa haikosekani. Kwetu dawa ni ghali, nyingine hazipatikani karibu, na safari ni ndefu. Lakini kati ya "ni vigumu" na "haiwezekani" kuko njia, na mwenye kuchelewa anaifupisha.

Nywele zitaanguka, zitarudi. Kutapika kuko na dawa yake. Lakini homa wakati wa matunzo haya ni jambo la kwenda hospitali saa ile ile, hata usiku, kwa sababu askari wa mwili wamepungua. Mwanamke kijana na kijana mwanaume waulize mapema juu ya uzazi, kabla ya sindano ya kwanza. Na mama asichukue mimba wakati wa matunzo.

NANI ATALIPA?

Baba unayefanya kazi na mkataba, soma karatasi zako. Sheria ya kazi ya inchi yetu, ya mwaka 2002, inaomba bosi atunze mfanyakazi na jamaa yake wakigonjwa, wakati mkataba unaendelea. Wazee wetu wa Gécamines wanakumbuka hospitali za kompani zilizotunza mama na watoto. Leo kazi nyingi ziko kwa makompani madogo, na wengi hawajui haki yao. Uliza, tena uliza kwa barua, pamoja na wajumbe wa wafanyakazi.

Mchimbaji asiye na mkataba hana mlango huo. Kwake likelemba ya mtaa ni ya lazima. Musingoje mgonjwa apatikane ndipo mulianzishe.

Kabla ya kuuza parcelle au kukimbia Zambia, pateni kwanza jina la ugonjwa na barua ya munganga. Lusaka kuko hospitali ya kanseri iliyofunguliwa mwaka 2007. Lakini kila mashine inaweza kulala, na kila dawa inaweza kukosekana. Munganga wenu apige simu kwanza, aulize nini inafanya kazi na bei ni gani. Jamaa nyingi zimemaliza pesa yote barabarani, zikafika bila karatasi moja mkononi.

NENO LA MWISHO

Kuko sumu nyingine tunayopaswa kuitaja. Mtoto akivimba uso, akikosa pumzi usiku, watu wanaanza kutafuta nani amemroga. Macho yanageukia bibi mzee, au mtoto wa kambo. Wengine wanampeleka mgonjwa katika chumba cha maombi na kumfungia huko wiki mbili, afunge kula, aache dawa.

Wapendwa, tunaomba kwa Mungu, na tunaenda kwa munganga. Mkono mmoja haukatazi mwingine. Lakini wiki mbili kwa ugonjwa wa mbio ni maisha ya mtoto. Na bibi aliyefukuzwa nyumbani kwa kosa ambalo hakufanya, hata mtoto akipona, nani atamrudishia jina lake?

Basi leo jioni, wakati watoto wanarudi, mutazame shingo zao. Si kwa woga. Kwa macho ya mzazi tu. Na jirani akikuambia mtoto wako ananenepa, shukuru, halafu muulize mtoto: "Unalala namna gani?"

MAULIZO YA KUZUNGUMZA NYUMBANI

1. Katika jamaa yetu, nani anakohoa zaidi ya wiki mbili? Makohozi yake yamepimwa?
2. Kijana akiona kitu kigeni katika mwili wake, anaweza kumwambia nani bila kuona haya?
3. Kuko mtu nyumbani anayekunywa vidonge vya sokoni? Tuvilete mezani, tuvitazame pamoja.
4. Mkataba wa baba au wa mama unasema nini juu ya matunzo ya watoto?

Mukae na afya. Tutaonana mwezi ujao.